Shajara ya usomaji, Malindi: Majilio 2024 hadi Kristo Mfalme 2025

24 Novemba 2024, Kristo Mfalme

Sisi ni kikundi cha Wakatoliki tunaosoma pamoja, na mwaka wetu wa kusoma hauanzi Januari. Unaanza Dominika ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kungoja Noeli, pamoja na mwaka wa Kanisa, na safari hii ni tarehe 1 Desemba. Sababu ni hesabu zaidi kuliko ibada. Januari ni mwezi wa karo na sare, hakuna mwenye fedha ya kitabu. Tena ratiba iliyofungwa kwenye Majilio, Kwaresima na Pasaka ina vituo ambavyo kila muumini anavijua bila kukumbushwa.

Lengo la "vitabu 12 kwa mwaka" limefutwa. Lengo hilo linakihesabu kijitabu cha novena cha kurasa 40 sawa na Maungamo ya Augustino, kwa hiyo ifikapo Machi kila mtu anatafuta vijitabu vyembamba ili asibaki nyuma. Badala yake tumeweka dakika 15 kwa siku, siku 6 kwa juma. Dominika ni ya kulipa deni la kusoma. Kwa dakika 15 msomaji wa kawaida humaliza kurasa 6 hadi 8 za maisha ya mtakatifu, au 3 hadi 4 za Augustino, na vyote viwili vinahesabiwa kuwa siku moja iliyotimizwa.

Ratiba inaandikwa kwa sura na aya, kamwe si kwa kurasa. Nakala zetu zimetoka kwa wachapishaji mbalimbali, na ukurasa wa 87 wa mmoja ni wa 112 wa mwingine. Kwa nyaraka za Baba Mtakatifu namba ya aya ni ile ile katika kila lugha, hata asomaye Kiitaliano (na Malindi wapo) anakwenda sambamba na asomaye Kiswahili.

Kabla ya kugawa ratiba, kila mtu alete Biblia yake ikaguliwe. Fungua yaliyomo utafute Tobiti. Kama hakuna, hiyo ni ya vitabu 66, na utakosa pia Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo wawili. Kwa Majilio haitakuumiza, lakini ukiwa na fedha ya kununua Biblia moja tu, nunua ya Kikatoliki, yenye vitabu 73. Zaburi nazo zina mtego: matoleo mengine hufuata hesabu ya Kigiriki na Kilatini, na kuanzia Zaburi ya 10 hadi ya 147 namba kwa kawaida hupishana kwa moja. Anayetafuta "Bwana ndiye mchungaji wangu" akaikuta kwenye 22 hajapotea.

1 Desemba

Tumeanza Luka, kwa kuwa Mwaka C wa masomo ya Misa ni wake. Sura 24, siku 24, kuanzia leo hadi mkesha wa Noeli. Ni mpango unaojulikana sana, na mwaka huu Majilio imeanza tarehe 1 kamili, kwa hiyo namba ya sura ndiyo tarehe yenyewe. Hakuna haja ya karatasi ya ratiba.

Kasoro yake imeonekana siku hiyo hiyo. Luka 1 ina aya 80, ndiyo sura ndefu kuliko zote katika Injili hiyo, na ndiyo inayompokea msomaji mlangoni. Waliokuwa na dakika 15 walikomea kwenye utenzi wa Maria, wakadhani wameshashindwa. Dawa: igawe. Aya 1 hadi 38 asubuhi, 39 hadi 80 usiku.

3 Desemba, Fransisko Ksaveri

Pendekezo la leo ni fupi na ni la hapa hapa. Ksaveri, mmisionari, alitia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea Uhindi, na barua aliyoandika kutoka Goa Septemba mwaka huo inaeleza alivyozungumza na Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini. Yule bwana alimwuliza kama makanisa ya Wakristo yanajaa watu, kwa sababu misikiti ya mji wake ilikuwa 17 na iliyokuwa na waumini ni 3 tu, nao wachache. Barua yote inasomeka kwa kikao kimoja. Inafaa kusomwa palepale karibu na kanisa dogo la Wareno, nusu saa kabla ya jua kuwa kali. Kwa anayeanza kusoma maandishi ya watakatifu ni afadhali kuliko wasifu wa kurasa 400, maana anamsikia mtu mwenyewe, pamoja na majibu yake makali ambayo leo tusingeyatoa kwa jirani.

26 Desemba

Luka imekwisha. Kasoro ya pili, na hii ni kubwa: kwa mpango huu mateso ya Bwana, sura ya 22 na 23, yanasomwa tarehe 22 na 23 Desemba, nyumba zikiwa zinapakwa chokaa na watoto wakijaribu nguo za Noeli. Moyo haupo huko. Tumeandika pembeni ili mwakani mpango urekebishwe.

19 Januari 2025. Kadi ya pendekezo

Kwenye kundi la WhatsApp mapendekezo yalikuwa yanakuja hivi: picha ya jalada, na chini yake "kitabu kizuri sana, kisomeni". Kinachofuata ni mikono ya kupiga makofi, na hakuna anayekisoma. Pendekezo lisiloeleza kitabu kinamdai nini msomaji ni tangazo tu.

Sasa kila pendekezo linakuja kwa kadi. Kadi inataja jina kamili, mwandishi, mfasiri na mwaka wa toleo, kwa sababu tafsiri mbili za kitabu kimoja zinaweza kuwa kama mbingu na ardhi. Inataja ukubwa kwa sura, lugha zilizopo, na nani atakifaidi: mwenye kipaimara karibu, mjane, katekista, kijana wa chuo. Halafu inakuja sehemu ambayo wengi huikwepa: ni wapi kinachosha, na ukifika hapo ufanye nini. Mwisho, je, kina ruhusa ya Kanisa? Tazama ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu utafute Nihil Obstat na Imprimatur. Maneno hayo yanasema mkaguzi hakuona kosa la mafundisho na askofu ameruhusu kichapwe. Hayasemi kwamba kitabu ni kizuri. Kuna vitabu vyenye Imprimatur vinavyolaza msomaji ukurasa wa pili, na kuna riwaya zisizo nayo zenye mengi ya kumfunza padre.

Kuhusu riwaya kulikuwa na ubishi kama zihesabiwe. Zihesabiwe. Papa Fransisko aliandika barua ya aya 44 tarehe 17 Julai 2024 kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi, na alisema wazi kwamba hakusudii mapadre peke yao. Kadi ya riwaya iongeze jambo moja tu: umri unaofaa.

PDF zilizopigwa picha kitabu kizima hazipokelewi. Mwandishi na mchapishaji wanaibiwa, hilo moja. La pili ni kwamba picha hizo hukatika mistari ya pembeni na kula bando. Nyaraka za Vatikani zipo bure kwenye tovuti yake, hazina haja ya magendo.

2 Machi

Kwaresima inaanza Jumatano hii, tarehe 5. Mfungo wa Ramadhani umeshaanza, kwa hiyo kikao cha saa kumi na moja jioni kinahamishwa. Baadhi yetu tuna wake, waume au wakwe Waislamu, na saa ya futari si saa ya kumtoa mtu nyumbani. Kwa mwezi mzima tutakutana baada ya Misa ya asubuhi, dakika 40.

Kitabu ni Kumfuasa Kristo cha Thomas wa Kempis. Kina vitabu 4 ndani yake, sura 114 kwa jumla, na wengi hukianza kwa ari wakazama katika kitabu cha tatu, ambacho peke yake kina sura 59. Hatusomi chote. Tunasoma kitabu cha kwanza, sura 25, na cha pili, sura 12. Jumla 37. Kutoka Jumatano ya Majivu hadi Alhamisi Kuu, ukiondoa Dominika sita, zipo siku 38. Sura moja kwa siku, na siku moja ya akiba. Asiyekosa hata siku moja atafika sura ya mwisho ya kitabu cha pili, ile ya njia ya kifalme ya msalaba mtakatifu, Jumatano ya Juma Kuu, tarehe 16 Aprili. Hata ukitaka kupanga makusudi usingeweza kupanga vizuri zaidi.

Onyo kwenye kadi: kiliandikiwa watawa wa karne ya 15. Kinapomshauri msomaji akimbie watu na kukaa chumbani, mama mwenye watoto watano asijione mdhambi. Asome "chumba" kama zile dakika 15.

6 Aprili

Wanaosoma usiku wamebaki nyuma sura 8 hadi 12, wanaosoma kabla ya kwenda shughulini wamebaki nyuma 2 au 3. Tofauti haikutokana na bidii. Usiku umeme ukikatika unasoma kwa mwanga wa simu, na simu ikiwa mkononi husomi. Ushauri: kitabu kilale juu ya kitu utakachokigusa asubuhi kwa lazima, kama birika la chai au funguo za duka.

Aliyebaki nyuma asirudi kulipa sura zote. Aruke, aungane na wenzake kwenye sura ya leo, zile alizoruka azitie alama ya penseli. Madeni ya kusoma ni kama madeni ya dukani. Yakipita kiasi mtu hubadilisha njia asionekane.

27 Aprili

Mpango wa Pasaka ulikuwa Matendo ya Mitume: sura 28, majuma 7 hadi Pentekoste tarehe 8 Juni, sura 4 kwa juma, Jumatatu hadi Alhamisi. Masomo ya Misa za kipindi hiki yanatoka humo humo, kwa hiyo anayesoma nyumbani anaisikia tena kanisani.

Papa Fransisko amefariki Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21, na juma zima limekwenda kwenye habari na sala. Hatukulaumu mtu. Watu wote wanaomba jambo moja: maandishi yake. Kosa la kawaida ni kumpa mtu Laudato Si', waraka wake juu ya mazingira, aanze aya ya 1 hadi 246. Atachoka mahali pa takwimu. Kwa watu wa pwani mlango ni aya 39 hadi 41. Aya ya 39 inagusa mikoko inayotoweka, ya 40 bahari na uvuvi unaopita kiasi, ya 41 matumbawe. Mvuvi wa Malindi au mkata boriti wa Lamu akisoma hizo tatu atataka mwenyewe kujua kilichotangulia. Waraka huo unatimiza miaka 10 tarehe 24 Mei.

Kwa Lamu, ambako Wakatoliki ni wachache miongoni mwa majirani Waislamu, pendekezo ni Fratelli Tutti, waraka wake wa 2020. Anza na sura ya pili, Msamaria mwema, isomeke peke yake kama mahubiri. Kisha sura ya nane, juu ya dini na udugu. Katikati rudi ukipata nafasi.

11 Mei

Papa mpya, Leo XIV, amechaguliwa Alhamisi, tarehe 8, na kwenye roshani amejitaja mwana wa Mtakatifu Augustino. Kabla ya Dominika kumekuwa na maombi ya Maungamo kuliko nakala zilizopo. Julai na Agosti zilikuwa zimetengewa kitabu kingine. Kinaondolewa. Ratiba ya mwaka isiyo na nafasi wazi hugeuka deni kila habari kubwa inapotokea, na kuanzia mwakani miezi miwili itaachwa bila jina la kitabu.

25 Mei. Masika na vitabu

Mvua zimeshika. Nakala tatu zimeota ukungu kwenye kingo, na jalada moja limeliwa na mende. Maelezo haya yawekwe kwa mtunza kabati ajaye.

Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya maji, kwa hiyo kabati likae sentimita 5 au zaidi mbali nao na lipandishwe kutoka sakafuni. Vitabu visibanwe, kidole kipite kati yao. Visifungwe kwa plastiki ndani ya kabati, maana unyevu uliomo hauna pa kutokea. Kitabu chenye ukungu kitengwe mara moja, kikaushwe kivulini penye upepo kikiwa kimesimama na kurasa zimetawanyika, kisha kipigwe brashi laini nje ya nyumba, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Usikianike juani: jalada litapinda, gundi ya mgongo itapasuka, kurasa zitaanza kutoka moja moja. Ukiweka jalada la kaki likunjwe tu, lisigandishwe kwa uji wa unga wa ngano, kwa sababu huo ndio chakula cha mende. Mchwa huja kwa njia ya udongo ukutani, kwa hiyo anayefagia aangalie nyuma ya kabati, si mbele tu.

3 Juni

Kesho tunaanza kitabu cha nne cha Kumfuasa Kristo, juu ya Ekaristi. Sura 18, tarehe 4 hadi 21 Juni, na kesho yake ni Dominika ya Mwili na Damu ya Kristo. Kina faida ya kusomwa kanisani kabla ya Misa, dakika 7 kwa sura. Matendo yaliyobaki yamalizwe sambamba. Waliofika sura ya 27, safari ya Paulo na kuvunjika kwa merikebu, wanasoma kwa kasi bila kuhimizwa. Watu wa bahari.

22 Juni. Maungamo

Vitabu 13 ndani yake. Tunasoma 9 vya kwanza, kimoja kwa juma, kuanzia Jumatatu 30 Juni. Kitabu cha 9, kinachoeleza kifo cha Monika huko Ostia, kinaangukia juma la 25 hadi 31 Agosti. Sikukuu ya Monika ni tarehe 27, ya mwanawe 28. Kitabu cha 10 juu ya kumbukumbu, cha 11 juu ya wakati, na viwili vya mwisho juu ya Mwanzo, ni hiari. Anayeviacha hajasoma nusu kitabu, maana simulizi ya maisha inaishia cha 9.

Rejea zote kwa namba tatu: kitabu, sura, aya. "Chukua, usome" ni 8.12.29 kwa tafsiri yoyote yenye namba kamili. Matoleo ya bei nafuu huacha namba ya tatu, kwa hiyo mwenye toleo hilo asome sura nzima ya 12.

Mahali pa kukwama: kitabu cha 7, kwenye falsafa ya Waplato. Soma aya ya kwanza ya kila sura, endelea. Kosa lingine ni kuichukua hadithi ya mapea ya wizi katika kitabu cha 2 kama kichekesho. Soma polepole, kwa sababu anachotafuta ni kwa nini mtu huiba kitu asichokihitaji.

Nakala ni 6, wasomaji 18. Kuzungushiana kila juma kulishindikana mwaka jana, nakala ikikwama kwa mmoja wawili wanakaa bure. Sasa kila nakala ni ya watu watatu wa jumuiya moja, wanasoma kwa sauti kwa zamu. Kitabu kimoja kwa sauti huchukua zaidi ya saa moja, kwa hiyo vikao viwili kwa juma.

Waagustino, watawa wa shirika la Papa Leo, si wageni pwani hii. Walikuwa na nyumba Mombasa, na mapadre wao waliuawa mwaka 1631 wakati Yusuf bin Hasan, wa ukoo wa masultani wa Malindi, aliyelelewa na Waagustino huko Goa kwa jina la Jerónimo, alipoigeukia Ngome ya Yesu. Mwenye kuandika kadi juu ya habari hizo aandike kwa uangalifu. Zina vidonda vya pande mbili.

20 Julai. Sanduku la Lamu

Jimbo la Malindi, lililoundwa mwaka 2000, linaifikia pia kaunti ya Lamu, na wenzetu huko wameomba vitabu. Basi linafika Mokowe, kisha ni boti. Sanduku la kwanza, la katoni, lililowa kwenye boti, kwani kusi ya Julai haina huruma. La pili ni ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko, iliyooshwa na kuanikwa siku tatu. Inachukua vitabu 15 hadi 20 vya ukubwa wa kawaida. Mfuniko ufunguliwe siku ile ile inapofika. Ndani iwekwe orodha ya majina na kadi ya kila kitabu, maana kitabu kisicho na kadi kikifika Lamu hakuna wa kukielezea.

31 Agosti

Vikundi vinne kati ya sita vimemaliza kitabu cha 9. Viwili vimesimama cha 7, palepale tulipoonya. Onyo kwenye kadi halikutosha. Mwakani juma la kitabu cha 7 tukutane wote mahali pamoja, asomewe kila mtu.

5 Oktoba

Teresa wa Mtoto Yesu, sikukuu 1 Oktoba, mwaka huu imetimia miaka 100 tangu atangazwe mtakatifu, 17 Mei 1925. Kitabu chake, Historia ya Roho, kilitoka 1898, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, kikiwa kimehaririwa sana na dada yake. Maandishi yenyewe kama alivyoyaandika yalichapwa 1956. Kadi lazima iseme toleo ni lipi. Dalili ya haraka: toleo linalotaja Hati A, B na C linafuata maandishi yenyewe. Anayeona utoto wake umejaa sukari aanze na Hati B, fupi, ya Septemba 1896, iliyoandikwa akiwa tayari mgonjwa. Akirudi Hati A ataisoma kwa jicho lingine.

19 Oktoba

Dilexi Te, wosia wa kitume wa Papa Leo XIV, umetoka tarehe 9, aya 121, juu ya upendo kwa maskini. Ratiba imepata mgeni mwingine. Aya 5 kwa siku kuanzia Jumatano 22 Oktoba, na aya moja ya mwisho itasomwa Jumamosi 15 Novemba, mkesha wa Siku ya Maskini Duniani. Waliomaliza Maungamo watamkuta Augustino tena humo.

23 Novemba, Kristo Mfalme

Mwaka A ni wa Mathayo: sura 28. Ukitaka kumaliza mkesha wa Noeli unalazimika kuanza tarehe 27, kabla ya Majilio, na mateso yanaangukia tena 22 na 23 Desemba kama ilivyokuwa kwa Luka. Kwa hiyo sura 26 hadi 28 zimeondolewa. Kuanzia Dominika 30 Novemba hadi 24 Desemba ni siku 25, sura 25. Orodha ya mababu kwenye sura ya 1 isomwe kwa sauti kanisani, siku ya kwanza, na mtu anayejua kuyatamka majina. Sura ya 25, nilikuwa na njaa mkanipa chakula, itasomwa mkesha wa Noeli. Tatu zilizobaki zinangoja Juma Kuu. Dominika ya Matawi ni 29 Machi 2026, na siku hiyo Misa inasoma mateso kwa Mathayo.

Ndoo ya Lamu inaondoka Jumanne na nakala 9 za Mathayo.